Asali ya Nyuki Wadogo

Baba yangu ni mrina asali. Alianza kupanda miti ya msitu wa Mgori akiwa bado mtoto wa kuchunga ndama, na hata sasa ambapo magoti yamemkatalia, anajua kila mzinga wake uko kwenye mti gani. Asali ya nyuki wakubwa aliiuza. Asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, wanaojificha kwenye mashimo ya miti na kutoa asali nyepesi yenye uchachu, hiyo hakuiuza hata siku moja. Ilikaa kwenye kibuyu kidogo kilichoning'inia juu ya kitanda chake. Ilikuwa dawa ya kikohozi, ya kidonda, ya tumbo, ya mwanamke aliyetoka kujifungua. Zaidi ya yote ilikuwa ya watoto. Mtoto wa kwetu akifikia kuanza kula, kabla uji haujagusa mdomo wake, baba alichovya kidole kwenye kibuyu na kumlambisha. Baba yake naye alimfanyia hivyo. Kuanzia siku hiyo uji wa mtoto ulitiwa asali ile ile mpaka atakapoweza kutafuna.

Mimi siwezi kula asali. Siwezi kula sukari ya dukani, wala embe, wala papai, wala ndizi mbivu, wala kiazi kitamu. Hata nyanya naziogopa. Ini langu halina kimeng'enya cha kuvunja ile sukari inayokaa kwenye asali na matunda, ambayo wataalamu huiita fruktosi, na ambayo ni nusu nzima ya sukari tunayotia kwenye chai. Nikila kidogo natapika na kutokwa jasho la baridi. Nikila nyingi nazimia, na ini linaanza kuharibika. Nilizaliwa hivi na nitakufa hivi. Hakuna sindano wala kidonge chake. Dawa ni kutokula. Nikiwaeleza watu hayo yote, wananionea huruma kidogo, halafu wananiuliza, "Hata asali ya Singida?"

Hata hiyo. Kuzaliwa na ugonjwa wa namna hii ndani ya nyumba ya mrina asali ni utani wa Mungu, na kuna siku utani huo haunichekeshi kabisa.

Kabla yangu alikuwapo kaka. Sikumwona. Ninayoyajua nimeyaokota kwa shangazi zangu, kipande huku na kipande kule, kwa sababu mama hakuwahi kuyasema. Alizaliwa mnene, mcheshi, mtoto wa kubebwa na kila mtu. Alinyonya vizuri kwa miezi sita. Kisha baba akamlambisha asali, akaanzishiwa uji, na wiki haikuisha akawa anatapika. Akalegea. Akawa anatokwa jasho kichwani hata asubuhi ya baridi. Macho yakawa ya njano, tumbo likavimba, kisha ikaja degedege.

Wakamtafutia dawa. Na dawa ya nyumba ile ilikuwa wapi? Kwenye kibuyu juu ya kitanda. Kadiri mtoto alivyozidi kuumwa, ndivyo walivyozidi kumlambisha. Hapakuwa na hila wala uzembe. Walimpa kitu bora kuliko vyote walivyokuwa navyo.

Ilipoonekana asali haisaidii, walitafuta wa kulaumiwa, na wa kulaumiwa alikuwa mgeni wa ukoo, yaani mama. Shangazi mmoja mzee wa baba alisema maziwa ya mwanamke huyu ni mabaya. Akaagiza kikombe, mama akakamua maziwa mbele ya watu, na mzee yule akamtia sisimizi ndani yake. Sisimizi akatapatapa, akafa. Ushahidi ukawa umepatikana. Mpaka leo nikilifikiria jambo hili nasikia joto masikioni. Tia sisimizi kwenye kikombe cha maji ya kisima, uone kama ataogelea. Lakini siku ile hakuna aliyelisema hilo, au ndivyo nilivyoamini kwa muda mrefu. Mama alikatazwa kunyonyesha. Mtoto akapewa maziwa ya ng'ombe yenye asali, na hakumaliza wiki mbili.

Mama akabaki kuwa mwenye maziwa mabaya. Hakufukuzwa. Alilima, alipika, alichota maji kama wake wengine wa ukoo. Ila wifi zake walipojifungua, hakupewa mtoto abebe. Angeleta kuni na unga, angesalimia mlangoni, na mtoto angehamishiwa kwenye mikono mingine. Baba hakumwacha, na watu walimsifu kwa hilo. Lakini hakumtetea pia. Nampenda baba yangu, na hilo nalisema vile vile.

Mimi nilizaliwa mwaka wa ukame. Nyuki walikuwa wamehama, mizinga mitupu, kibuyu kikavu. Mama alininyonyesha wala hakumwomba mtu ruhusa, akaniongezea uji wa uwele wenye chumvi kidogo kwa sababu hapakuwa na kingine. Asali iliporudi nilikuwa na meno na nilijua kufunga mdomo. Baba aliniletea kidole chake, nikaonja, nikatapika. Aliporudi mara ya pili nilimng'ata mpaka damu ikatoka. Kovu analo mpaka leo, na kwa miaka mingi lilikuwa kichekesho cha nyumbani. Mdogo wangu wa kiume alipokuja, kibuyu kilikuwa kimejaa. Alilambishwa, akalambishwa tena, akanenepa. Basi ikathibitika kwa watu wote kwamba asali haina neno, na kwamba mimi ni msichana mwenye madaha.

Nimekua na jina hilo la mwenye madaha. Si mchezo kukataa chai ya watu katika nchi yetu. Mwenyeji amewasha moto, amemtuma mtu dukani kwa ajili yako, ameweka vijiko vitatu kukuonyesha heshima, na wewe unasema hutaki. Nilijifunza kusema nimefunga. Wakristo waliniuliza ni mfungo gani huo, Waislamu wakaniuliza mbona sijui kuswali. Shuleni nilipopewa pipi niliificha ndani ya soksi nikampa mdogo wangu. Sikujua kwamba ninaumwa. Nilijua tu kwamba vitu vitamu vinanichukia, nami nikavichukia.

Nilikuwa mwalimu kijana huko Shelui nilipopata malaria iliyonilaza hospitali. Dawa ilifanya kazi, homa ikashuka, na badala ya kupona nikawa nazidi kuzama. Shelui ni mji wa barabarani, watu wake ni wakarimu, na kila aliyekuja kuniona alikuja na juisi. Sikuwa na nguvu za kukataa. Wazazi wa wanafunzi, walimu wenzangu, mama mwenye nyumba, wote walininywesha kwa mapenzi, kijiko kwa kijiko. Nikawa nazimia kila siku, na macho yakawa ya njano. Watu wakaanza kunong'ona kwamba nimelishwa kitu. Kwa namna fulani walikuwa hawajakosea.

Aliyeniokoa ni daktari mmoja kijana aliyekuwa na tabia ya kuuliza maswali ya kijinga. Aliniuliza ninapenda matunda gani. Nikamwambia simpendi hata mtu anayeyauza. Akacheka, akaniambia nifungue mdomo. Meno yangu yana rangi ya kahawia kwa sababu ya maji ya visima vyetu, kama ya watu wengi wa huku. Aliyapapasa moja moja kwa kijiti.

"Hujawahi kung'oa jino?"

"Sijawahi."

"Wala kuumwa?"

"Wala."

Akakaa kitandani pangu, jambo ambalo madaktari hawalifanyi, akasema meno yasiyooza hata moja ni ya mtu asiyegusa kitu kitamu. Akaamuru juisi zote zitolewe, nami siku mbili baadaye nilikuwa nimekaa. Akanituma Dar es Salaam, kwenye hospitali kubwa, na damu yangu ikasafirishwa nje ya nchi. Miezi ikapita. Majibu yalipokuja alinipigia simu mwenyewe, nikaenda kumwona. Alinieleza taratibu, kwa maneno ambayo nimeyatumia hapo juu, maana sijapata bora zaidi. Aliniambia glukosi ya hospitali haina neno, ila sukari ya dukani na dawa za maji zenye utamu ni sumu kwangu. Aliniambia ugonjwa huu haumfikii mtoto mpaka baba na mama wote wawili wawe wameubeba kwenye damu. Kisha akaniuliza, huku akiandika, kama kwetu yupo mtoto aliyefariki akiwa mchanga.

"Yupo," nikasema. "Kaka yangu. Maziwa ya mama yalikuwa mabaya."

Akaacha kuandika.

"Maziwa ya mama hayana sukari hii, Mwalimu. Hata kidogo. Alianza kuumwa lini?"

Nilimwambia. Tuliangaliana, na sikuhitaji anieleze zaidi. Kaka yangu aliuawa na kidole cha baba. Na kitu pekee kilichokuwa kinamweka hai, wazee walikikomesha kwa sababu ya sisimizi.

Niliporudi nyumbani nilieleza ugonjwa wangu, sikueleza hilo. Nilijiambia baba ni mzee, itamuua. Nilijiambia mama amekwisha zoea. Hilo la pili nalionea aibu hata ninapoliandika. Nilikaa na siri hiyo miaka kumi na mmoja.

Ndani ya miaka hiyo nikawa kile ambacho watu wanakiita mtetezi wa wagonjwa. Silipendi sana jina hilo, linanukia semina. Kazi yenyewe ni ndogo. Siku za kliniki, nikipata ruhusa ya mkuu wa shule, nilikwenda kwenye zahanati za huku, mara Sepuka, mara Shelui, mara nyumbani Mgori, na akina mama wakisubiri kupima watoto niliwaambia mambo machache. Kwamba yapo maradhi yanayotokana na chakula chenyewe. Kwamba mtoto aliyekuwa mzima akaanza kutapika siku alipoanza kula, aulizwe amekula nini, kabla ya kuulizwa nani amemwangalia vibaya. Kwamba asimamishiwe kitu kile, aendelee kunyonya, apelekwe hospitali. Niliwaonyesha kadi ninayotembea nayo shingoni, iliyoandikwa kwa herufi kubwa vitu nisivyopewa hata nikiwa sijitambui. Niliwasihi manesi waongeze swali moja tu kwenye daftari lao.

Sitatia chumvi. Wengi walinisikiliza kama unavyomsikiliza mtu anayekuchelewesha. Watoto niliowashuku, wote waligundulika wana minyoo au wamekunywa maji machafu. Mama mmoja wa Sepuka nilimsumbua mpaka akampeleka mwanawe mjini, kumbe mtoto alikuwa anameza udongo. Nesi wa Mgori, mwanamke msema kweli asiyezunguka, aliniambia, "Mwalimu, wewe unaona asali kila mahali." Nilikasirika wiki nzima, kwa sababu alisema kweli.

Na mfano wangu siku zote ulikuwa ule ule. "Alikuwapo mtoto mmoja," nilisema. Nikaeleza jinsi alivyolambishwa, alivyougua, alivyozidishiwa, alivyoachishwa ziwa. Mtoto mmoja, basi. Wala sikusema ni wa wapi.

Kisha mdogo wangu akaoa binti wa kijiji cha jirani, na wakapata mtoto wa kike.

Koo za huku zimeoana tangu enzi, kwa hiyo nilikuwa na hofu tangu mimba. Siku hizi manesi wanafundisha mtoto anyonye tu miezi sita, na baba alikubali kwa sababu hata zamani ndivyo walivyofanya. Alihesabu miezi hiyo kuliko mtu yeyote. Mtoto alipokaribia kuitimiza nilitoka Singida mjini, ambako nafundisha sasa, nikafika nyumbani Jumamosi mchana. Baba alikuwa amekaa barazani. Kibuyu kilikuwa mapajani mwake, kimepanguswa mpaka kinang'aa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwenye kazi ya mjukuu."

"Nimekuja kuomba kazi hiyo isifanyike."

Hakukasirika mara moja. Aligeuza kibuyu taratibu. Mama alikuwa kwenye kizingiti cha mlango anachambua dengu kwenye ungo.

"Ugonjwa wako ni wako," alisema. "Mdogo wako nilimlambisha, na leo anabeba gunia la alizeti peke yake."

"Ugonjwa huu unapita kwenye damu, Baba. Mtu anaweza kuubeba asiumwe, akamrithisha mwanawe."

"Na mimi nimeurithi kwa nani?"

"Sijui. Lakini wangu umetoka kwako na kwa mama."

"Nimewalambisha watoto wangu wote," alisema, na sasa sauti ilikuwa imepanda. "Asali haijamdhuru mtu ndani ya nyumba hii."

Mikono ya mama ilisimama kwenye ungo. Niliona. Baba naye aliona, kwa sababu alimtazama yeye kwanza, kisha akanigeukia mimi.

"Na yule wa kwanza?" akauliza polepole.

Nilikuwa na jibu lake kwa miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya akina mama wa zahanati tatu. Nikautazama mkono wake juu ya kibuyu, ule wenye kovu la meno yangu, na moyo ukanisaliti.

"Sijui, Baba," nikasema. "Hakupimwa."

Ilikuwa kweli, na ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema. Mama akarudi kwenye dengu zake. Ili kumaliza mazungumzo nikavaa ushangazi wangu, nikasema mimi ndiye shangazi wa mtoto huyu, na neno langu ni kwamba asilambishwe mpaka damu yake ipimwe. Kwa kabila letu shangazi anasikilizwa. Baba alisimama, akaingia ndani, akakitundika kibuyu mahali pake.

"Shangazi amesema," alitamka kutoka ndani, bila furaha.

Daktari wangu, ambaye sasa ni mtu mkubwa huko Dar es Salaam lakini bado anapokea simu zangu, alinielekeza la kufanya. Nesi alimchoma mtoto kisigino, tukadondosha damu kwenye karatasi maalumu, ikakauka, ikasafiri. Wifi yangu alimfunga mtoto mgongoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ataishi.

"Akiwa nao, atakuwa kama mimi."

Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Mkali hivyo hivyo, wifi?"

"Zaidi."

Ndiyo siku pekee tuliyocheka katika shughuli hiyo yote. Mtoto akaanzishiwa uji wa uwele wenye maziwa na chumvi, kama nilivyoanzishiwa mimi, na mpikaji alikuwa mama. Wifi yangu hakujali habari za maziwa mabaya. Alimkabidhi mtoto tangu siku ya kwanza, akaenda shambani. Nilimkuta mama mara moja amembeba, amekaa wima, hasogei, kama mtu aliyepewa kitu cha watu akishike kwa muda.

Majibu yalichukua miezi mitano. Nilikwenda nayo nyumbani mwenyewe, tukakaa barazani: baba, mama, mdogo wangu na mkewe. Nikawaambia mtoto anao.

Wifi alianza kulia. Mdogo wangu akainamisha kichwa. Baba ndiye aliyeuliza, na aliuliza kama anavyouliza habari za mzinga, kwa kutaka kujua.

"Kama ningemlambisha, ingekuwaje?"

"Angeanza kutapika wiki ile ile."

"Halafu?"

"Angelegea. Jasho la kichwani. Macho ya njano, tumbo kuvimba. Halafu degedege."

Nilikuwa nasoma kwenye kichwa changu, kama ninavyowasomea wale wa kliniki. Sikujua nilichokifanya mpaka nilipoona baba amefumba macho. Nilikuwa nimemsimulia kifo cha mwanawe, hatua kwa hatua, naye alikuwapo kwenye kila hatua. Akachukua fimbo yake akaenda upande wa msituni. Alirudi jua linashuka, na siku ya pili yake kibuyu hakikuwapo tena juu ya kitanda.

Mimi bado sikumwambia mama. Nilikuwa na sababu nyingine mpya, siikumbuki.

Mwezi uliofuata ilikuwa siku ya kliniki Mgori, nami nilikuwa na zamu ya kuzungumza. Wifi alimleta mtoto kupimwa uzito, mama akafuatana naye, na nyuma yao, kwa mshangao wa kila mtu, akaja baba na fimbo yake. Wanaume wa kwetu hawaendi kliniki ya watoto. Wale wachache wanaokwenda hukaa nje na pikipiki zao. Yeye aliingia mpaka barazani, akapokea shikamoo za wanawake, akakaa mwisho wa benchi.

Mtoto alipimwa, uzito ukawa mzuri. Kisha nikasimama, nikaanza kama kawaida yangu. "Alikuwapo mtoto mmoja," nikasema. Nikafika kwenye kulambishwa, nikafika kwenye kuzidishiwa. Sikuthubutu kutazama lile benchi.

"Mtoto huyo alikuwa wangu," baba akasema.

Alikuwa amesimama. Nesi akaweka kalamu chini.

"Mwalimu anasema mtoto mmoja. Ananisitiri, kwa sababu yeye ni binti yangu. Alikuwa mzaliwa wangu wa kwanza. Nilimlambisha asali kwa kidole hiki." Akakiinua, wakakiona, na kovu lake. "Alipoumwa, nikamzidishia. Wakasema maziwa ya mama yake ni mabaya, nami nikanyamaza. Mjukuu wangu ana ugonjwa huo huo, ananyonya na ananenepa, basi maziwa yale yalikuwa mazuri. Yalikuwa yanamshikilia mtoto, sisi tukayakatisha. Mke wangu yule pale. Hakuua mtoto. Niliua mimi, kwa kutojua."

Walikuwapo wanawake wa ukoo wetu pale, wakwe wa wale wale shangazi. Baba akamgeukia mama, akamwambia kwa Kinyaturu maneno matatu ambayo sitayaandika, maana si yangu. Mama hakuinua uso. Alimjibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba akae chini, atakuja kuanguka.

Akakaa. Nesi ndiye aliyemalizia kazi yangu siku ile. Alifungua daftari akamuuliza mama wa kwanza kwenye foleni mwanawe ameanza kula lini, na amekula nini.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Baba na wifi walitangulia, mimi nikabaki nyuma na mama, ambaye alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Tulipita katikati ya mashamba ya alizeti.

"Yule sisimizi alizama tu," mama akasema.

Nikasimama. Yeye hakusimama.

"Niliwaambia siku ile ile. Nikasema, mmemtumbukiza, ameshindwa kutoka. Nani alinisikiliza?"

Nikamkimbilia. Nikamwambia mimi pia nilijua. Nikamwambia ni miaka kumi na mmoja, na kwamba siku aliyokuwa anachambua dengu nilikuwa na jibu mdomoni nikalimeza, ili baba asiumie. Sikujitetea. Nilisema yote mpaka yakaisha, nikiwa natembea kando yake na kulia kama mtoto.

Tukafika kwenye njia ya kupandia nyumbani. Hapo akasimama, akafungua kanga, akamshusha mtoto aliyekuwa amelala, akampangusa mate mdomoni.

"Mbebe," akasema. "Mgongo umechoka."